Mzigo wa Barua katika Kompyuta Yetu

Katika afisi za mawakala wa forodha mjini Mombasa barua hutunzwa kwa uangalifu mkubwa, maana shehena ikichelewa bandarini, au mali ikipungua baina ya meli na ghala, kauli ya mtu haikubaliwi mpaka ifuatane na maandishi, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 maandishi hayo aghalabu yamekuwa barua pepe. Nimefanya kazi na barua hizo kwa sehemu kubwa ya umri wangu, nimeziona zikitoka katika uchache na wepesi na kuingia katika wingi na uzito, na miongoni mwa yote niliyoyashuhudia hakuna lililonifunza zaidi juu ya tabia ya kompyuta kuliko majira yale ambapo programu yetu ya barua, iliyokuwa tiifu kwa miaka mingi, ilianza kuishika prosesa asubuhi na kutoiachilia mpaka jioni.

Nilipoingia kazini barua pepe ilikuwa na saa zake. Modemu iliungwa na waya wa simu, na kwa kuwa kila dakika ya simu ililipiwa, barua ziliandikwa mchana kutwa bila ya kuunganishwa na mtandao, zikakaa zikingoja, na alasiri, karani mmoja alipopewa ruhusa ya kushika laini, zikapelekwa zote kwa pamoja na zile zilizotujia zikateremshwa. Kanuni iliyotawala mapokezi hayo, iitwayo POP, ilikuwa nyepesi kufahamika: barua ilishuka katika diski ya mwenyewe, kisha ikafutwa katika seva ilikotoka, hata mlio wa modemu ulipokoma hapakubaki kitu huko ng'ambo, na yote tuliyoandikiwa na watu wa Dubai, Karachi na Mumbai yakawa chumbani mwetu, chini ya meza, ndani ya sanduku la chuma lenye rangi ya maziwa. Hali hiyo ilikuwa na hatari yake, kwa kuwa diski ikiharibika barua zimekwenda. Walakini ilikuwa na heshima yake pia, nayo ni kwamba mwenye barua ndiye aliyekuwa mlinzi wake.

Programu tuliyoitumia ilikuwa Eudora. Aliyeiandika ni Steve Dorner wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, mwaka 1988, akaiita kwa jina la mwandishi Eudora Welty, ambaye alikuwa ametunga hadithi ya mwanamke aliyegombana na jamaa zake akachukua vitu vyake na kuhamia katika posta alimofanya kazi. Na baadaye kampuni ya Qualcomm iliichukua ikaieneza duniani. Kompyuta zetu za wakati huo, kwa kipimo cha leo, zilikuwa dhaifu mno, lakini sikumbuki hata mara moja kuziona zikilemewa na barua. Barua ilikuwa maneno matupu: salamu, jina la meli, idadi ya magunia, tarehe ya kufika na dua ya kheri mwishoni, kilobaiti mbili tatu kwa jumla. Prosesa iliamka, ikapokea, ikaandika katika diski, ikarudi kupumzika.

Yafaa nieleze jinsi barua hizo zilivyowekwa, kwa kuwa asili ya taabu iliyokuja baadaye imo humo. Programu nyingi za zama hizo, kwa kufuata desturi iliyoanzia katika mfumo wa Unix, hazikuipa kila barua faili lake. Folda nzima ilikuwa faili moja, na barua zilifuatana ndani yake moja baada ya nyingine, kila moja ikitanguliwa na mstari wa kuitambulisha. Barua mpya iliongezwa mwishoni. Barua iliyofutwa haikuondoka. Ilitiwa alama tu kuwa imefutwa, ikafichwa machoni pa msomaji, na nafasi yake ikabaki ndani ya faili mpaka mwenyewe aamuru folda ibanwe, yaani faili liandikwe upya pasipo zile zilizotiwa alama. Kando ya faili hilo kubwa lilikuwako faili dogo la fahirisi, lenye kujua kila barua inaanzia wapi, ili programu isilazimike kusoma yote kila ifunguliwapo. Ulikuwa mpango wa akili na wa kupunguza gharama, maadamu barua zilikuwa chache.

Uchache huo haukudumu. Tarehe 1 Aprili 2004 kampuni ya Google ilitangaza Gmail na kumpa kila mtumiaji wake gigabaiti nzima ya nafasi, ilhali Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2 tu, na tangu hapo fikira za watu juu ya kufuta barua zikageuka. Kilichokuwa lazima kikawa hiari, na kilichokuwa hiari kikasahauliwa. Hata sisi ambao hatukuwa na sanduku huko tulifikiwa na athari yake, kwa sababu wateja waliozoea nafasi kubwa hawakuona tena haja ya kutuandikia muhtasari: walituma picha za hati za shehena, ankara, vyeti vya asili ya bidhaa na orodha za mali, kurasa kwa kurasa, zilizopitishwa katika skana kwa rangi zake zote. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Barua pepe ilibuniwa kubeba herufi, wala haikubuniwa kubeba picha, kwa hiyo kila kiambatisho hugeuzwa kwanza kuwa herufi, na katika kugeuzwa huko kila baiti 3 huwa herufi 4. Hati ya megabaiti 3 huingia katika faili la barua ikiwa na megabaiti 4 na zaidi. Folda yetu ya barua ziingiazo, iliyokuwa ikipimwa kwa kilobaiti, ikapimwa kwa megabaiti, kisha kwa gigabaiti.

Mwaka 2006, ilipotangazwa kwamba Eudora ile ya zamani haitaendelezwa tena, tulihamia Thunderbird ya Mozilla, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004, na kwa kuwa zote mbili ziliziandika barua kwa desturi ya faili moja, kumbukumbu zetu za miaka ya nyuma zilivuka salama. Kisha ukaja 2009, mwaka ambao kwa watu wa pwani hii ulikuwa mkubwa. Kabla yake sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya intaneti ilipitia setilaiti, iliyo juu ya ardhi kwa kilomita zipatazo 36,000, na swali na jibu lake havikukamilika ila baada ya karibu nusu sekunde, sembuse gharama yake. Mwaka huo waya wa TEAMS kutoka Fujairah na ule wa SEACOM ziliwasili Mombasa chini ya bahari, na SEACOM ikafunguliwa kwa kazi mwezi wa Julai. Tukaiacha POP, tukaingia katika IMAP, kanuni iliyobuniwa na Mark Crispin huko Stanford katika miaka ya 1980, ambayo huziacha barua katika seva na kuziweka sawa na nakala zilizomo katika kompyuta, hata karani wa bandarini na karani wa afisini wakaweza kulitazama sanduku moja kwa wakati mmoja.

Mwezi wa Desemba mwaka uleule likatoka toleo la 3 la Thunderbird, na ndani yake mlikuwa na wema ambao hatukuwa nao kabla: programu iliweza kusoma barua zote, za folda zote na za miaka yote, ikaivunja kila barua katika maneno yake, na kuyaandika maneno hayo katika hazina moja ya data, ili atafutaye jina la meli alipate papo hapo, na tena, kwa kawaida yake mpya, iliteremsha nakala kamili za barua zilizomo katika seva zipate kusomeka hata mtandao ukikatika. Ni kazi mbili zenye manufaa makubwa, na mimi ni miongoni mwa walionufaika nazo. Ila kazi zote hizo huangukia prosesa, na prosesa zetu zilikuwa zimenunuliwa wakati barua zilipokuwa chache zaidi, na njia ya kuzileta ilipokuwa nyembamba.

Dalili zilianza kwa sauti. Feni za kompyuta, ambazo hapo awali zilisikika pale tu chumba kilipopata joto la Februari, zikawa zikivuma tangu asubuhi. Herufi zikachelewa kutokea nyuma ya vidole. Kishale kikasimama katikati ya kioo ilhali mteja yuko upande wa pili wa simu akingoja namba ya kontena. Tulipofungua dirisha linaloorodhesha kazi zinazoendelea katika kompyuta, jina la programu ya barua lilikuwa juu kabisa, na mbele yake asilimia 50, haipandi wala haishuki. Asilimia hiyo huwapotosha watu wengi, kwa sababu mwenye kuiona hudhani kuwa nusu ya nguvu imebaki bure. Prosesa zetu zilikuwa za viini viwili, na kazi iliyoandikwa iende kwa mkondo mmoja haiwezi kutumia zaidi ya kiini kimoja. Basi asilimia 50 katika kompyuta ya viini viwili, au 25 katika ile ya viini vinne, maana yake ni kwamba kiini kimoja kimetumika chote, na ikiwa kiini hicho ndicho kinachochora dirisha na kupokea herufi za kibodi, mtumiaji hana budi kungoja.

Tulimwita fundi. Kijana yule, mwenye adabu na mwenye haraka, aliitazama kompyuta moja kwa muda mfupi akamwambia mkubwa wetu, "Mzee, mashine hizi zimeshachoka. Tuzifute zote tuweke mfumo upya, au ununue nyingine." Mkubwa wetu akamgeukia bibi aliyekuwa na dhamana ya kumbukumbu, mtu mzima aliyeanza kazi katika zama za teleksi, akamwuliza, "Bi Mkubwa, wewe wasemaje?" Naye, badala ya kumjibu mkubwa, akamwelekea kijana. "Mwanangu," alisema, "humo mna barua za mali za watu. Usifute kitu mpaka tujue mashine inafanya kazi gani." Kwa neno hilo uchunguzi ukawa juu yangu, na mpaka leo naona kuwa swali lake lilikuwa bora kuliko ujuzi wetu sote tuliokuwamo chumbani.

Jambo la kwanza lilihitaji subira: kujua kama mzigo ule ulikuwa na mwisho. Kuandika fahirisi ya barua za miaka zaidi ya kumi ni kazi ya saa nyingi, nayo hukatizwa kila programu ifungwapo. Na desturi ya afisi yetu ilikuwa kuzima kila kitu jioni ili kuokoa umeme, kwa hivyo kazi iliyokatizwa magharibi ilichukuliwa tena asubuhi, mbele ya wateja. Dirisha la shughuli la programu yenyewe lilituonyesha waziwazi ni folda ipi inayosomwa na barua ngapi zimesalia. Tukaziacha kompyuta zikiwaka usiku, programu ikiwa wazi na kioo kimezimwa. Na zilipokwisha kukamilisha kazi yao, nyingi zilirudi katika utulivu wa zamani. Hapo ilidhihirika kuwa sehemu kubwa ya tuhuma ilikuwa juu ya kazi halali iliyonyimwa nafasi ya kumalizika.

Lakini moja haikutulia, nayo ndiyo ya Bi Mkubwa, yenye folda kubwa kuliko zote. Niliifungua programu huku nimeshika kitufe cha Shift, ambavyo ndivyo ilivyofunguliwa pasipo nyongeza zozote zilizobandikwa na watumiaji; mzigo ukabaki. Nikaitenga na mtandao, mzigo ukatoweka. Nikaizima fahirisi ya utafutaji, nikairudisha programu mtandaoni, mzigo ukarejea. Namna hii ya kuondoa sababu moja, kutazama, kuirudisha, kisha kuondoa nyingine, ni ya polepole na haina fahari mbele ya watu wenye haraka, lakini sijapata kuona njia nyingine inayomwezesha mtu kusema kwa yakini kuwa jambo hili ndilo, na lile silo. Kwa kutazama saa nikatambua kuwa mzigo haukuwa wa mfululizo: ulipanda kila barua ilipoingia, ukadumu kwa muda, na kwa kuwa barua za asubuhi zilikuja kwa kufuatana, mpando mmoja ulikutwa na mwingine kabla haujapungua. Na katika dirisha la kazi, chini ya jina la programu ya barua, palikuwa na jina la pili, dogo kwa asilimia, lililopanda na kushuka pamoja na la kwanza. Lilikuwa la antivirasi.

Antivirasi hiyo, ambayo sina haja ya kuitaja, ilikuwa imewekwa ikague kila faili linalobadilika katika diski. Kwa faili la kawaida amri hiyo ni ya busara. Lakini folda ya barua ziingiazo ya Bi Mkubwa ilikuwa faili moja lenye zaidi ya gigabaiti 3, na barua ya maneno kumi ikiongezwa mwishoni, kwa macho ya mkaguzi faili zima limebadilika. Basi alilisoma tangu mwanzo hadi mwisho, akivifungua viambatisho vya miaka iliyopita kimoja kimoja, mfano wa afisa wa forodha ambaye kila likipakiwa gunia moja huamuru meli nzima ipakuliwe akaanza kukagua upya. Wakati huo programu ya barua, iliyotaka kuandika katika faili hilohilo, ilizuiwa, ikajaribu tena, ikazuiwa tena, na kule kujaribu kwenyewe kukala nguvu za prosesa. Tena palikuwa na hatari iliyozidi uzito: mkaguzi wa namna hiyo akiishuku barua moja tu huweza kulitia kifungoni faili zima, na kwa hukumu hiyo moja barua zote za folda zikatoweka machoni pa mwenyewe.

Tulianza kwa kunakili kila kitu katika diski ya nje. Kisha tukaiagiza antivirasi iziache folda za barua. Na kwa kuwa kiambatisho kinapofunguliwa huandikwa katika faili la peke yake na kukaguliwa hapo, ulinzi haukuondoka. Folda kubwa tukaigawa kwa miaka, ili zile za zamani zisiguswe tena na barua mpya. Tukazibana zote, na barua zilizofutwa kwa muda mrefu, zilizokuwa zimelala ndani kwa alama tu, zikaondoka kweli. Mwisho tukazifuta fahirisi ndogo za folda, ambazo baadhi yake zilikuwa zimeharibika umeme ulipokatika ghafla, programu ikaziandika upya yenyewe. Feni ikanyamaza. Kompyuta ileile iliyohukumiwa kuwa imechoka iliendelea kufanya kazi mpaka Bi Mkubwa alipostaafu, na karani aliyemfuata akairithi.

Mengi yamegeuka tangu hapo. Thunderbird yenyewe baadaye ilimwezesha mtumiaji kuchagua mpango mwingine, ambao kila barua ina faili lake, mpango uliobuniwa na Daniel J. Bernstein katika miaka ya 1990 kwa ajili ya programu yake ya seva iitwayo qmail, nao unaiondoa taabu ya mkaguzi kwa asili yake. Tangu 2020 uendelezaji wa Thunderbird uko chini ya shirika la MZLA, na toleo la 115 la mwaka 2023 liliivika sura mpya. Prosesa za leo zina viini vingi, na diski za kompyuta nyingi hazina tena sahani ya kuzunguka. Vijana walioingia afisini nyuma yetu husoma barua katika kivinjari au katika simu, na wengi wao hawajapata kuona faili la barua kwa macho yao. Fahirisi bado zinaandikwa, na kazi ileile ya kuvunja barua katika maneno bado inazichosha prosesa, ila prosesa hizo zimo katika majumba ya seva ya watu wengine, katika nchi nyingine, na msomaji hasikii feni zake. Siwalaumu vijana kwa hilo, maana wamepata wepesi ambao sisi tuliutamani.

Walakini Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, tofauti baina ya mpango wa kale na wa sasa ilionekana wazi katika chumba chetu. Wenye barua katika kivinjari walikaa wakitazama duara likizunguka. Na pale mteja alipodai kuonyeshwa idhini aliyoituma miezi kadhaa nyuma, iliyopatikana ni ile iliyokuwa katika diski, ndani ya folda ya mwaka wake, ikatafutwa kwa jina la meli na fahirisi ileile ambayo hapo kale ilikesha ikiandikwa.

Kwa hiyo nawasihi makarani wenzangu, na hasa wale wenye kompyuta za zamani ambazo feni zake zinavuma na herufi zinachelewa: kabla ya kukubali mashine ifutwe, litazameni dirisha la kazi mjue ni nani aliyeishika prosesa, iacheni iwake usiku mmoja imalize iliyo nayo, upimeni ukubwa wa folda ya barua ziingiazo, na mwulizeni fundi antivirasi inakagua nini. Na lolote mtakaloamua baada ya hapo, lisifanywe kabla ya folda za barua kunakiliwa katika diski ya pili, na nakala hiyo kufunguliwa na kusomwa mbele ya macho yenu.